Kuingia shule ya maofisa bila kulipa mutu: maneno tuliyosema Lac Vert

Goma, kartie Lac Vert, siku ya posho tarehe 15 mwezi wa 6, 2024

Haya ni maneno ya mmoja wetu mbele ya vijana na wazazi wa kartie. Tumeyaandika karibu vile aliyasema, na mwishoni tumeongeza maulizo mbili yaliyotoka kwa watu.

Asanteni kwa kuacha kazi za posho na kuja kukaa ku hii mawe.

Nianze na kusema mimi ni nani. Nilimaliza université mwaka wa 2022, niko na licence, niko na miaka 26, na kazi sina. Asubuhi nauzisha unités ku barabara ya Sake, mangaribi naandika barua za kuomba kazi. Nasema hivi kusudi mutu asifikiri nimekuja kuandikisha watoto ya watu ku jeshi. Hakuna mutu amenituma na hakuna kitu nalipwa. Sisi ni raia, silaha yetu ni mudomo na karatasi.

Sasa juu ya nini mutu kama mimi anaongea mambo ya jeshi? Munakumbuka tarehe 3 mwezi uliopita. Mabomu iliangukia kambi za wakimbizi wa vita, hapa kwetu Lac Vert na pale Mugunga. Walikufa watu zaidi ya 30, wengi wamama na watoto. Kisha mazishi, vijana watano wa avenue yetu walikuja kunitafuta. Wawili walisema: "Yaya, sisi tunaenda porini, kule hawaulize diplome." Wengine watatu walinionyesha ujumbe ku telefone: kuna burse ya kwenda kusoma uofisa ku inchi ya ngambo, utume kwanza dola 50 za dosie. Waliuliza kama ni kweli.

Njo maana tuko hapa leo. Kama kijana anataka kutumikia inchi kwa njia hii, ajue njia yenyewe. Na kama hataki, abaki na amani, hakuna mutu atamuita mwoga.

Juu ya nini shule ya maofisa ni jambo letu sisi raia

Mbele ya kuongea dosie, musikilize historia kidogo. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, Force Publique ilikuwa na askari karibu 25 000 na maofisa karibu 1 000. Wale maofisa wote walikuwa Wabeleji. Mkongomani, hata akitumika miaka 20, aliishia ku cheo cha adjudant. Tarehe 5 mwezi wa 7, Jenerali Janssens aliita askari akaandika ku ubao kwamba kabla ya uhuru na kisha uhuru ni kitu kimoja. Askari wakaasi. Ku siku chache ikabidi kutafuta wakubwa wa jeshi mbio mbio. Mobutu, aliyekuwa ameacha jeshi na cheo cha sergent, akafanywa kolonel. Miaka mitano kisha pale alikamata inchi, na munajua tulikaa naye mpaka mwaka gani.

Kisha pale, huku kwetu mashariki, watu walijifunza njia ingine ya kupata cheo. Unaunda kikundi, unapigana, unasaini mapatano, unaingia jeshi na galons zako. Mapatano ya tarehe 23 mwezi wa 3, 2009 na CNDP ilipitia mulemule, na jina la M23 linatoka ku tarehe ile. Kijana wa hapa akaona kwa macho yake: mwenye kusoma anauzisha unités, mwenye kuingia porini anaitwa kolonel. Musishangae basi wale wawili wa avenue yetu kusema vile walisema.

Lakini Katiba yetu ya 2006 haisemi vile. Mukamate hizi namba ndani ya kichwa. Artikle 188: jeshi ni la taifa lote, halina siasa, na mutu akiligeuza kwa faida yake mwenyewe ni uhaini mukubwa. Artikle 189: watu wa jeshi na wakubwa wake wachaguliwe kwa kuangalia nguvu ya mwili, masomo ya kutosha, tabia njema, na kila jimbo liwe na watu wake kwa haki. Artikle 190: hakuna mutu ana ruhusa ya kuunda kikundi cha silaha wala kuweka vijana wenye silaha.

Musome ile 189 tena nyumbani. Mwili, masomo, tabia, jimbo. Hakuna mahali imeandikwa "muloba wa kolonel" ao "dola 200". Mutoto wa Lac Vert mwenye diplome d'État iko na haki ya kujaribu sawa na mutoto wa jenerali.

Ya kwanza: mujue mulango ni gani

Ku Kongo, shule ya kutoa maofisa vijana ni Académie militaire ya Kananga, ku Kasaï-Central. Wazee wanaijua kwa jina la EFO. Kitona na Kamina ni makambi ambamo askari wengi wanafundishwa, ni kitu kingine. Mutu anaweza kuandikishwa akifikiri anaenda kuwa ofisa, kumbe anaenda kuwa askari wa kawaida. Askari ana eshima yake, sikatae, lakini uulize mbele ya kusaini: ni recrutement ya askari, ya sous-officier, ao ya élève officier? Mwezi wa 11, 2022, kisha mwito wa Raisi, vijana maelfu walijiandikisha ku jeshi. Nilikuwa na rafiki pale wenye licence, na hakuna kati yao aliyeuliza ile ulizo.

Pa Académie, serkali njo inalisha na kufundisha. Burse ni ile. Halafu kuna shule za ngambo: École royale militaire ya Bruxelles, Saint-Cyr ya Ufaransa, Académie royale militaire ya Meknès kule Moroko. Zote zinapokeaka wanafunzi wa inchi zingine, lakini zinawapokea kupitia serkali ya inchi yao. Wewe hauandikie Saint-Cyr peke yako na telefone. Inchi yako njo inakuchagua na kukutuma. Kwa hiyo burse ya uofisa inayoanza na mutu wa WhatsApp na kumalizika na Airtel Money ni wizi. Wale vijana watatu niliwaambia vile. Mmoja alikuwa amekwisha kutuma.

Tangazo la kweli lina namba, tarehe, muhuri na jina la aliyesaini. Linapita ku RTNC, linabandikwa, na mwaka wa 2024 mutu aliweza kwenda kuuliza ku état-major ya 34e région militaire hapa mujini, ao ku gouvernorat. Muende wawili ao watatu, muulize kwa eshima, muandike siku na jibu mulilopewa.

Ya pili: dosie

Hapa nitaongea ya kwangu, na haya ninayo.

Mimi niliomba, mara moja. Mbio niliweza, Kifaransa niliweza. Dosie ikarudishwa. Ku diplome d'État jina langu lina "w", ku carte d'électeur haina. Na mwaka wa kuzaliwa: diplome inasema 1998, carte inasema 1999. Yule aliyeniandika ku carte aliuliza mwaka, kulikuwa kelele, akasikia vibaya, na mimi sikuangalia. Nilikaa na ile kosa miaka mingi ndani ya mufuko. Kuitengeneza kulinikamata miezi munane, ofisi moja inanituma ku ingine, kila mahali "urudi kesho". Wakati karatasi ilikuwa sawa, umri uliowekwa ku tangazo ulikuwa umenipita. Mulango wangu ulifungwa na herufi moja.

Kwa hiyo leo mangaribi, mbele ya kulala, kila mutu apange karatasi zake ku kitanda: diplome ao attestation de réussite, bulletins, carte d'électeur, attestation de naissance. Angalia jina, post-nom, prénom, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, anza kutengeneza siku ya kwanza ya kazi. Usingoje tangazo, juu tangazo linakuja na siku chache.

Majina ya karatasi nayasema kwa Kifaransa juu njo vile yanaandikwa. Mara nyingi wanaomba diplome na copie yake certifiée conforme, attestation de naissance, certificat de nationalité, attestation de bonne vie et mœurs, extrait de casier judiciaire, certificat d'aptitude physique, picha, na barua ya mukono. Barua ile uiandike mwenyewe. Ukilipa mutu wa cyber akuandikie, utaulizwa neno moja ndani yake na utakosa jibu.

Najua hapa kuna wandugu waliokimbia Masisi na Rutshuru bila kitu. Diplome ilibaki ndani ya nyumba, ao nyumba iliungua. Si mwisho. Anza na attestation de perte. Halafu tafuta mukubwa wa shule yako. Alama za Exetat zinabaki ku wizara ya masomo, namba yako na mwaka vinatosha kukutafuta. Na kama hukuwahi kuandikishwa ulipozaliwa, tribunali inaweza kutoa jugement supplétif. Ni muda na ni pesa, njo maana nasema muanze leo.

Na wote: mupige picha ya kila karatasi, mujitumie ku e-mail yenu wenyewe. Sisi tuko chini ya Nyiragongo. Tulikimbia mwezi wa 5, 2021, na tutakimbia tena.

Ya tatu: kichwa

Konkuru za namna hii zinarudilia mambo mamoja: Kifaransa, hesabu, historia na jiografia ya inchi, mambo ya dunia. Vijana wetu wengi wanaanguka ku Kifaransa cha kuandika. Tunaongea vizuri, lakini ku karatasi tunaandika vile tunaandika ku telefone. Dawa ni moja: kila siku ukurasa mmoja, kwa mukono, juu ya jambo moja. Vita ya maji ku kartie. Bei ya makala. Kisha umupe mwenzako atie rangi nyekundu.

Hesabu: murudilie vitabu vya 5e na 6e secondaire, items za Exetat za miaka iliyopita. Uliyefanya pédagogie ao sociale, usiogope. Tafuta aliyefanya math-physique, umulipe na chai. Historia: ujue majimbo yetu 26, tarehe kubwa, nani alitawala wakati gani. Ujue vyeo vya jeshi toka sous-lieutenant mpaka général. Ni aibu mutu anaomba kuwa ofisa na hajue major na capitaine nani mukubwa.

Ya ine: mwili

Huyu ni rahisi kueleza, nguvu ni kufanya. Shule karibu zote zinaangalia mbio, pompes, abdominaux. Kuna kipimo kinaitwa Cooper, dokta wa Marekani alikitengeneza mwaka wa 1968 kwa jeshi la anga: unakimbia dakika 12, unahesabu umbali. Kijana mwanaume wa miaka 20 na kidogo akifika mita 2 400, iko vizuri. Akifika 2 800, iko nguvu sana. Mujipime leo, muandike, mujipime tena kila wiki mbili. Musianze na nguvu yote ku mawe ya lave, mutaharibu magoti. Siku tatu ku wiki zinatosha mwezi wa kwanza.

Huku tuko juu, zaidi ya mita 1 400, pumuzi inazoea kazi. Ile ni bahati yetu. Chakula: musiniambie nyama hakuna. Maharagi na sambaza ya ziwa vinajenga mwili. Kinachobomoa ni sapilo na chanvre. Mwenye kuvuta, aache sasa.

Na muende kwa munganga mbele ya konkuru, si kisha. Meno yaliyooza, macho, masikio, hernia. Kuna mambo yanatibika kwa mwezi mmoja, lakini ukiyagundua siku ya visite médicale unarudi nyumbani.

Ya tano: siku ya kuulizwa

Watakuuliza: juu ya nini unataka kuwa ofisa? Najua majibu mawili yatatoka mioyoni mwetu. La kwanza: "Sina kazi." La pili: "Walituua, nataka kulipiza."

Lile la kwanza ni kweli lakini halitoshi. Kazi hii inaweza kukuua na mshahara wake si wa kutajirisha mutu. Lile la pili naliogopa zaidi. Ndugu yangu, ofisa ni mutu anayepewa watu 30 wenye bunduki na anaambiwa: uwazuie. Kama unaingia na kisasi, utawaachilia, na wamama wa kijiji kingine watalia vile wa kwetu walilia. Jibu ulitafute ndani yako kweli. Kama halipo, usiende.

Na mujue artikle 28 ya Katiba: hakuna mutu analazimishwa kutimiza amri ambayo inaonekana wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Ile ni kwa raia na ni kwa ofisa pia. Muiseme bila woga, mukiulizwa.

Ya sita: pesa, kabila, na mwili wa wasichana

Rafiki yangu mmoja alilipa dola 200 kwa mutu aliyesema ana muloba ku jeshi. Aliuzisha mashini ya kushona ya mama yake. Muloba hakuonekana, mashini haikurudi. Mutu akikuomba pesa, andika jina, namba, siku, tunza ujumbe, uje kwetu. Hatutakutaja.

Wadada, tangazo likisema vijana, na nyinyi mumo ndani. Mutu akikuomba mwili wako kwa nafasi, si masharti ya konkuru. Ni kosa, na sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 inalihukumu. Usiende peke yako ku ofisi ya mutu saa za mangaribi. Enda na mwenzako, hata akikaa ku mulango.

Tunachoomba wakubwa wa inchi

Tangazo lifike ku kila territoire, si Goma tu, na kwa radio za kijiji. Siku ziwe za kutosha. Waliopoteza karatasi kwa vita wapewe njia ya haraka na ya bure. Alama na majina ya waliopita vibandikwe wazi, jimbo kwa jimbo, kusudi tuone kama artikle 189 inafuatwa. Ofisa aliyepita kwa pesa atatafuta pesa yake ku barrière, na ni sisi tutamurudishia.

Na wewe kijana, nafasi ni chache. Unaweza kufanya yote haya na usichukuliwe. Lakini utabaki na karatasi sawa, Kifaransa kizuri na mwili mzima. Ile hakuna mutu atakunyanganya.

Maulizo

Mama mmoja aliuliza: "Mutoto wangu, unafundisha watoto yetu kwenda kufa?"

Jibu: Mama, nimesikia, na sina jibu la kukufurahisha. Wapo watoto watakaoenda, nikisema ao nikinyamaza. Wale wawili walikuwa wanaenda porini, bila jina, bila namba, bila sheria. Kama ni lazima waende, heri waende mahali wanafundishwa sheria ya vita na wanajulikana kwa jina. Na kama unaweza kumushika wako abaki ashone ao asome, umushike. Sitamufuata.

Kijana mmoja aliuliza: "Wewe ulianguka. Juu ya nini tukusikilize?"

Jibu: Juu najua shimo liko wapi. Siku ya posho ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, tutakutana hapa hapa kwa mbio, halafu saa mbili tunaangalia dosie mmoja mmoja. Kuja na karatasi zako. Ni bure.

Wale wawili wa porini, mmoja iko hapa leo, amekaa nyuma. Mwingine alienda. Tunaendelea kumuita.